Nyuzi zikishatolewa: maisha ya aliyepasuliwa mgongo yamo mikononi mwa nani?

Hujafa hujaumbika, walisema wahenga, na katika wilaya yetu ya Karatu methali hii haihitaji mfasiri. Kijana huondoka asubuhi akiwa mzima, akapanda juu ya shehena ya vitunguu vitokavyo Mang'ola, au bodaboda katika barabara ya udongo mwekundu ipitayo Endabash, au mti anaotaka kuupunguza matawi, au paa la nyumba anayoijenga; na kabla ya Adhuhuri huwa amelala chini, haisikii miguu yake. Ajali ni jambo la dakika moja. Tunayokusudia kuyazungumza katika ukurasa huu wa familia ni yanayofuata baada ya dakika ile, na hasa yanayofuata baada ya upasuaji: miaka kumi, ishirini au thelathini ambayo Allah (s.w.) huenda akamjaalia mtu huyo kuishi.

Tunayaandika haya kwa kuwa kamati za misikiti ni miongoni mwa wanaopigiwa simu siku ya ajali. Kitabu cha michango hufunguliwa, Waislamu hutoa, na jirani zetu Wakristo hutoa pia, kwa kuwa msiba wa mgongo hauulizi dini ya mtu. Gari hupatikana, mgonjwa husafirishwa, hospitali hulipwa. Kwa desturi kitabu kile hufungwa siku mgonjwa arudipo nyumbani na vyuma vyake mgongoni. Hoja yetu ni moja tu: siku hiyo si ya kukifunga kitabu, bali ya kufungua ukurasa mwingine. Daktari humrudishia mgonjwa mgongo uliosimama. Maisha yenyewe hujengwa na familia, majirani na jamaa wa msikiti.

Upasuaji hufanya nini, na haufanyi nini

Uti wa mgongo ni mnara wa pingili zilizopangana: saba za shingo, kumi na mbili za kifua na tano za kiuno, na chini yake pingili zilizoungana za nyonga na kitokono. Ndani ya mnara huo hupita ugwe mgongo, yaani kamba laini ya fahamu inayochukua amri kutoka ubongoni kwenda mikononi na miguuni, na kurudisha habari za maumivu, joto na mguso. Mahali panapovunjika mara nyingi ni pale kifua kinapokutana na kiuno, kwa sababu hapo sehemu ngumu ya mgongo hukutana na sehemu inayojikunja.

Daktari anapopasua mgongo uliovunjika hukusudia mambo mawili. La kwanza ni kuzishikanisha pingili kwa skrubu na vyuma ili zisiendelee kuteleza. La pili ni kuondoa kipande cha mfupa kinachoubana ugwe. Kwa njia hiyo mgonjwa huweza kuketi na kuanza mazoezi mapema, badala ya kulala chali kwa majuma mengi. Lakini upasuaji haushoni ugwe uliokatika. Hadi leo hakuna daktari duniani awezaye kuurudisha ugwe kama ulivyokuwa. Hapa ndipo familia nyingi huchanganyikiwa. Wameuza ng'ombe, wamelipa, wameambiwa upasuaji umefanikiwa, na kijana bado haamki. Hawakudanganywa. Mfupa umefanikiwa, ugwe una habari yake.

Kwa hiyo wanaorudi kutoka hospitali si kundi moja. Wapo ambao ugwe wao haukuguswa: hao hutembea, ingawa wengi hubaki na maumivu ya mgongo ya kuja na kuondoka, na huenda wasiweze tena kulima kwa jembe siku nzima wala kubeba gunia. Wapo walioumia ugwe kwa sehemu: hao huweza kuendelea kupata nafuu, zaidi katika mwaka wa kwanza, na mazoezi yana nafasi kubwa kwao. Na wapo ambao ugwe umekatika kabisa. Familia ina haki ya kumuuliza daktari waziwazi, kabla ya kuruhusiwa kutoka wodini, mgonjwa wao yumo katika kundi lipi, ili ijipange kwa ukweli na si kwa tetesi.

Safari ya kuifikia hospitali

Kutoka huku kwetu, hospitali ya rufaa ya KCMC iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971 iko zaidi ya kilomita 200. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, iko Dar es Salaam, mbali zaidi. Watafiti waliowachunguza wagonjwa wa mgongo wa MOI wameandika kuwa siku nyingi hupita kati ya ajali na upasuaji, na kuwa gharama ni miongoni mwa sababu. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2017 kutokana na kumbukumbu za KCMC, ulikadiria kuwa katika mkoa wa Kilimanjaro watu zaidi ya 26 katika kila milioni huumia ugwe mgongo kila mwaka. Kuanguka kutoka juu kuliongoza, na ajali za barabarani zikafuata. Habari hiyo haimshangazi mkulima wa ukanda huu.

Mwaka huohuo, Jumamosi ya tarehe 6 Mei, basi la wanafunzi wa shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni Rhotia, hapa hapa wilayani Karatu. Walifariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walinusurika wakiwa na majeraha makubwa, yakiwamo ya mgongo, na wakapelekwa kwa ndege hadi Sioux City katika jimbo la Iowa, Marekani, kutibiwa. Waliporejea mwezi Agosti, taifa zima lilifurahi pamoja nao. Tunalikumbuka tukio hilo kwa sababu moja: liliwaonyesha Watanzania kwamba mtoto aliyevunjika mgongo, akipata wapasuaji, wataalamu wa mazoezi tiba, vifaa na watu wa kumtia moyo kwa miezi mfululizo, anaweza kwenda mbali kuliko ilivyodhaniwa siku ya ajali. Kijana wetu wa bodaboda hatapanda ndege ya Marekani. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kilichowainua watoto wale, yaani uangalizi wa kila siku usiokatika, haihitaji ndege.

Maadui wa nyumbani

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 15 duniani wanaishi na majeraha ya ugwe mgongo. Shirika hilo linaeleza tofauti moja inayouma: katika nchi tajiri, vidonda vya kulala na maambukizi yake si tena miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watu hawa, katika nchi maskini bado vinaua. Mtu anaokolewa na kisu cha daktari, kisha anauawa na godoro.

Haikuwa tofauti huko Ulaya zamani. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, askari aliyepooza kwa jeraha la mgongo hakutarajiwa kuishi muda mrefu. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alipewa wodi ya majeruhi hao katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Dawa yake kubwa ilikuwa nidhamu: kumgeuza kila mgonjwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, kulinda kibofu chake, na kumpa kazi na mchezo. Mwaka 1948 aliwaandalia mashindano wagonjwa 16 wenye viti vya magurudumu, na kutokana na mashindano hayo yakazaliwa yanayoitwa leo Paralimpiki. Kumgeuza mtu kila saa mbili hakuhitaji umeme wala bima. Kunahitaji watu wasiochoka, na watu wasiochoka ni wale wanaopokezana.

Basi familia iyajue haya. Asiyehisi makalio yake hawezi kujua kuwa ngozi imeanza kufa. Kila asubuhi na jioni achunguzwe kitokono, nyonga, makalio na visigino. Palipo wekundu au weusi usiofifia pasilaliwe tena hadi parejee. Akiwa kwenye kiti, ajiinue kwa mikono au ainuliwe kila baada ya dakika 15 hadi 30. Viungo vinyooshwe kila siku ili visikakamae. Anywe maji ya kutosha, na kibofu kitolewe mkojo kwa ratiba. Wengi hufundishwa kujiwekea mpira safi kila baada ya saa nne hadi sita, nao hulinda figo zao kwa njia hiyo. Homa, mkojo wenye harufu kali au wenye mawingu ni sababu ya kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Na aliyeumia shingoni au sehemu ya juu ya kifua ana hatari moja ambayo kila mwanafamilia aijue. Akishikwa ghafla na maumivu makali ya kichwa, jasho na wekundu usoni, shinikizo la damu limepanda, na mara nyingi chanzo ni kibofu kilichojaa au mpira uliojikunja. Mketisheni wima, legezeni nguo, nyoosheni mpira, kisha mkimbizeni kwa daktari.

Kipimo cha maisha mema

Wapimaji wa ubora wa maisha hawapimi miguu peke yake. Dodoso la Shirika la Afya Duniani linalotumiwa katika nchi nyingi huuliza mambo ya aina nne: mwili, nafsi, mahusiano na watu, na mazingira anamoishi mtu. Mwaka 1999 watafiti Gary Albrecht na Patrick Devlieger walichapisha matokeo ya mazungumzo yao na watu wenye ulemavu wa kati hadi mkubwa. Zaidi ya nusu walisema ubora wa maisha yao ni mzuri au mzuri sana. Watu wazima wa viungo waliowatazama wasingelikisia hivyo. Waliosema maisha yao ni mazuri walikuwa na nguzo kama imani, kazi ya kufanya na watu wa kuwa nao; waliosema ni mabaya walitaja mambo kama maumivu na uchovu. Tafiti nyingi za watu wenye majeraha ya mgongo zimefika karibu na hapo: mahali ugwe ulipokatika huamua machache kuliko tunavyodhani, na nafasi ya mtu miongoni mwa watu huamua mengi.

Tumchukulie basi kijana mmoja, si wa kijiji fulani, bali wa kijiji chochote cha huku. Amefungiwa chumba cha nyuma. Wageni huletewa habari zake lakini yeye haletwi kwa wageni. Hushauriwi jambo tena, hata la mbuzi wake mwenyewe. Mchukulie na mwenzake, mwenye jeraha lilelile, ambaye asubuhi hutolewa barazani, huwafundisha watoto alifu na bei, huulizwa na mdogo wake shamba lipandwe mbaazi au alizeti, na Ijumaa husukumwa hadi safu ya swala. Vyuma vya migongo yao ni vya aina moja. Maisha yao si mamoja, na aliyetofautisha si daktari.

Ibada haisimami

Katika Maswahaba yumo Imran bin Husayn (r.a.), aliyetumwa Basra na Sayyidna Umar (r.a.) kuwafundisha watu dini. Kwake ndiko ilikopokewa hukumu ambayo kila mwanafunzi wa madrasa anaijua: asiyeweza kuswali amesimama ataswali ameketi, na asiyeweza kuketi ataswali kwa ubavu. Wapokezi wa sira wamesimulia kuwa yeye mwenyewe aliugua tumbo, akaishi kitandani takriban miaka thelathini, hadi alipofariki mwaka 52 Hijria. Watu waliendelea kumwendea kuchukua elimu. Huyu ni mwanachuoni aliyesomesha akiwa amelala, na hakuna aliyesema amekwisha.

Kwa hiyo mwenye vyuma mgongoni asiyeweza kuinama ataashiria rukuu na sijda kwa kichwa, na sijda iwe chini zaidi ya rukuu. Mwenye mpira wa mkojo, au asiyeweza kuuzuia, ana hukumu ya mwenye udhuru wa kudumu: katika madhehebu ya Imam Shafi hujisafisha, hujifunga, hutawadha baada ya wakati wa swala ya faradhi kuingia, na huswali, kinachotoka baada ya hapo hakimbatilishii swala. Asiyeweza kutumia maji hutayamamu. Mwenye kupooza anayetaka kufunga Ramadhani amuulize kwanza daktari kuhusu figo zake, na akikatazwa moja kwa moja, iko fidia ya kibaba cha chakula kwa kila siku. Mambo haya yafundishwe mgonjwa akiwa bado hospitalini. Tumesoma na tumefundishwa kuwa dini ni nyepesi. Kijana anayeacha swala miaka mitano kwa kudhani mkojo umemfungia mlango, elimu haijamfikia, na kuifikisha ni wajibu wa waalimu.

Msikiti nao una sehemu yake. Kizingiti cha sentimita 30 kinahitaji mteremko wa zege wenye urefu wa mita 3 na sentimita 60, kwa kanuni ya mafundi kwamba kila sentimita moja ya kupanda itandazwe kwa sentimita 12. Mlango wa sentimita 90 humpitisha mwenye kiti bila kukwaruza mikono. Birika moja la udhu liinuliwe afikike kwalo mtu aliyeketi. Wenye hofu ya matope ya magurudumu kuingia juu ya mazulia, suluhisho ni ndoo ya maji na kitambaa mlangoni, si kumwacha Muislamu nje.

Ndoa na riziki

Katika kurasa za familia jambo hili halikwepeki. Aliyeumia mgongo hakuacha kuwa mume, wala mke hakuacha kuwa mke. Wanawake wengi waliopooza miguu hushika mimba na kuzaa kwa uangalizi wa hospitali. Kwa wanaume hali hutofautiana, na wako wanaopata watoto kwa msaada wa daktari. Wanandoa waulize pamoja bila haya, kwa kuwa hakuna haya katika kujifunza jambo la dini na afya. Wakwe na mashangazi wasifanye haraka ya kuvunja nyumba. Vilevile mke anayemgeuza mumewe usiku kucha, akaamka kuteka maji na kwenda shambani, naye ni mgonjwa wa pili anayehitaji usingizi. Sifa za subira asizopewa pamoja na mtu wa kumpokea zamu ni mzigo mwingine juu ya mzigo.

Ama riziki, ardhi yetu ni ya jembe na mifugo, na aliyezuiwa jembe huhesabiwa kuwa amezuiwa kila kitu. Sivyo. Cherehani ya mkono, uwakala wa fedha za simu, ufugaji wa kuku, utengenezaji wa redio na simu, usomeshaji wa madrasa: zote ni kazi za mtu aliyeketi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki yake ya kufanya kazi na kutobaguliwa. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo kila halmashauri hutenga kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Fungu hilo huombwa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii, na mwenye kuhitaji asaidiwe kuandika maombi.

Kitabu cha miaka

Tunapendekeza, kwanza kwa misikiti ya huku kwetu na kisha kwa kila anayesoma, kuwa kila mchango wa upasuaji ugawanywe mapema: fungu la hospitali, na fungu la miaka miwili ya mwanzo nyumbani. Fungu hili la pili ndilo la godoro zuri, mipira ya mkojo, nauli za kliniki na mtaalamu wa mazoezi tiba.

Pili, iwepo wakfu wa vifaa. Kiti cha magurudumu, kiti cha chooni, magongo na godoro la hewa viandikwe kuwa mali ya wakfu, mgonjwa akopeshwe kwa muda anaovihitaji, kisha viende kwa mwingine. Kwa njia zetu za makorongo, kiti chenye gurudumu moja mbele lililo mbali kidogo hustahimili kuliko viti vya korido za hospitali. Chuo cha TATCOT, kilichoanzishwa KCMC mwaka 1981, kimewafundisha mafundi wa viungo bandia na viti vya aina hii kwa miaka mingi. Waulizwe kabla ya kununua.

Tatu, zaka. Familia iliyouza kila kitu ikabaki na deni la hospitali huenda ikawamo katika mafungu manane ya Sura At-Tawba, ama kwa ufakiri ama kwa deni. Masheikh wa kila eneo waiangalie hali ya kila familia, wasingoje iombe.

Nne, zamu. Vijana sita wakifundishwa na muuguzi namna ya kumgeuza na kumhamisha mtu bila kumuumiza, kila mmoja akachukua usiku mmoja, mama wa nyumba ile atapata usingizi wa siku sita katika juma. Hakuna senti inayotoka hapo.

Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha mtu huyu ni miaka. Tunamuomba Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu, awape nguvu wanaowauguza, awarehemu waliotangulia, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaofika kwenye mlango wa mgonjwa hata baada ya watu wengine kuacha kuja. Amin.